Mkono wa Kushoto Mlangoni

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na wote walio chini ya paa letu. Natumaini mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusimama saluni kutwa nzima umepata nafuu, na kwamba wateja bado wanakuja kusukwa na kukuletea umbea wa mtaa mzima. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mtihani wa kupandishwa daraja nimeumaliza juzi, na nadhani sikuharibu. Kwa hiyo, kama kuna habari yoyote mlikuwa mkinificha ili nisome kwa utulivu, sababu ya kuificha imekwisha.

Mama hajambo? Najua hilo ni swali la kila barua, na jibu lake watu huliandika bila hata kufikiri. Safari hii, dada, nauliza kweli. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko na kuniambia nipunguze kukaa peke yangu na kuwaza. Tena kila nikipiga siku hizi unaniambia Mama amelala, au yuko bafuni, au katoka kidogo kwa jirani. Tangu lini Mama akalala mchana? Tafadhali soma hadi mwisho, kisha unijibu.

Unanijua nilivyo. Tangu utotoni mimi ni mtu wa kuanza kwa vishindo na kuishia njiani. Nilipohamia huku na kuanza kazi ya maabara, niliamua kwamba sasa nitaishi na Mungu kila siku, si Jumapili tu. Nikafunga kula mpaka nikaanguka mbele ya darubini. Nikaapa kusoma Biblia nzima kwa mwaka, nikakwama kwenye sheria za ukoma, na wewe ulinicheka ukasema hata Biblia nimeigeuza kazi ya hospitali. Kila nilipoanguka nilikaa wiki nzima bila hata kusema asante juu ya chakula, kwa aibu, kisha nikaanza upya kwa vishindo vilevile.

Hapa hospitali kuna mama mmoja mfamasia, ndiye anayeongoza kikundi chetu kidogo cha maombi. Siku moja nilimweleza haya yote nikitokwa na machozi. Aliniangalia juu ya miwani yake, akaniuliza kama mgonjwa aliyekosa dozi ya wiki nzima huwa namshauri azimeze zote kwa mkupuo siku ya Jumapili. Nikasema hapana, si atakufa! Akasema basi ndivyo ninavyoiua roho yangu. Akaniandikia dozi, kama anavyowaandikia wagonjwa: sentensi moja tu asubuhi, miguu ikigusa sakafu, kabla sijashika simu. Iwe ndogo kiasi kwamba nitaona aibu kuikosa. Na nisiongeze hata tone mpaka nione inaongezeka yenyewe.

Sentensi yangu ilikuwa hii: Bwana, mimi nipo, na jirani zangu wapo. Basi. Nilijiona mjinga. Lakini sikuikosa. Baada ya muda ikaanza kunifuata kazini. Nikishika kichupa cha damu ya mtu, jina lake likawa linapita midomoni mwangu kabla sijakibandika lebo. Yule karani wa mapokezi ambaye tulikuwa tukijibizana kila siku, nikajikuta nimemwekea kiti. Sikupanga. Kule maabara tuna mashine ya kuzungusha vichupa vya damu, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba ukishaizima usifungue kifuniko, kwa maana bado inazunguka ndani, kimya kimya, na inaweza kukuvunja mkono. Nikawa nasimama mbele ya mashine hiyo, nimeizima, nikiisikiliza inavyoendelea, na kufurahi. Nilisema moyoni kwamba hatimaye na mimi nimepata mwendo.

Kisha ikafika mahali sala ikawa inanitangulia. Nilikuwa naamka na kukuta midomo yangu tayari inakwenda. Nilifurahia hata hilo. Nilimweleza mfamasia, yeye akaacha kuhesabu vidonge, akaniuliza inasema nini. Nikamwambia sijui, nikiamka huwa inakaribia kwisha.

Sasa nikueleze ninapokaa. Nimepanga chumba ghorofa ya pili, kwenye korido ndefu isiyo na dirisha ila moja dogo kule mwisho. Mkabala na mimi anakaa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye ulimi kama mkasi wake. Huamka alfajiri kushona sare za shule na huuacha mlango wake wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Chumba kinachofuata ni cha dereva wa lori na mkewe. Kile cha mwisho, karibu na dirisha, hakina mtu. Mpangaji alihama na msimamizi wa nyumba akakitia kufuli.

Jumatatu moja nilipokuwa natoka kwenda kazini, fundi alinisimamisha na kunishukuru kwa sala ya asubuhi. Nilidhani ananitania, maana yeye kanisani haendi, husema Mungu akimhitaji anajua cherehani ilipo. Nikamuuliza sala gani. Akasema acha kujidai, si ile uliyokuja kuniombea mlangoni, hadi goti langu umelitaja. Nikamwambia sijatoka chumbani. Akacheka, akaniita mchungaji wa korido, akasema mchungaji gani mwongo hivi asubuhi yote hii. Kisha akanionyesha nilivyokuwa natembea: nimeinama kidogo, kikombe mkono wa kulia, na kiganja cha kushoto kimewekwa juu ya mlango.

Hakuna mtu katika mji huu niliyewahi kumsimulia habari za Mama na milango yetu. Wewe na mimi tulijifunika shuka tukizima vicheko kila alfajiri, wakati anapita na chai yake mkono wa kulia, akigusa mlango mmoja baada ya mwingine kwa mkono wa kushoto, akimtaja kwa jina aliye ndani. Ndiyo maana ulimbandika jina la Mkaguzi. Mlango wangu ulikuwa wa mwisho, na hapo ndipo alipokawia, hadi chai ikapoa, akiniita lile jina langu la nyumbani ambalo nje ya familia hakuna alijuaye, kwa kuwa mimi ndiye niliyefunga mlango wa uzazi wake.

Siku hiyo jioni nilifunga komeo na kusogeza kiti mlangoni. Asubuhi kiti kilikuwa kimerudi mahali pake, kimepangwa vizuri kama anavyopanga Mama, mgongo ukigusa ukuta. Nyayo zangu zilikuwa na vumbi la korido. Kikombe changu hakikuwepo. Nilikikuta kwenye kizingiti cha lile dirisha dogo, karibu na chumba kitupu; kikombe hakikuwa na kitu ndani, lakini nilipokishika kilikuwa na joto.

Bado nilijiambia kwamba ni fundi ananichezea. Lakini wiki hiyohiyo kazini nilimwagikiwa na ile dawa ya zambarau tunayovipaka vijidudu ili vionekane kwenye darubini. Ilinilowanisha kiganja cha kushoto chote, na wewe unajua rangi ile haitoki hata ukisugua kwa mchanga. Asubuhi iliyofuata kila mlango wa korido ulikuwa na alama hafifu ya zambarau. Nilisimama mbele ya mlango wa fundi nikapachika kiganja changu juu ya alama. Kilikuwa changu, mistari na kila kitu. Ila alama ilikuwa chini sana. Mimi ni mrefu, ukinituma niguse mlango nitaugusa usawa wa kichwa changu. Hii ilikuwa usawa wa kifua, mahali ambapo angegusa mtu mfupi. Na haikukamilika. Sehemu ya chini ya kiganja ilikuwepo, na vidole viwili, vingine vimejikunja, kama mkono uliobandikwa pale bila nguvu za kujifungua.

Msimamizi wa nyumba alipanda ngazi na ndoo na tambara, akanisimamia nikisugua, akasema yeye amepangisha vyumba, hajapangisha kanisa. Lakini nikwambie, dada, hakunitisha yeye. Aliyenitisha ni mke wa dereva.

Alinigongea mlango mchana wa Jumamosi, mumewe akiwa safarini. Hakuingia. Alisimama nje akiwa amejishika tumbo kwa mikono miwili, akaniuliza nani kaniambia. Nilimuuliza nimeambiwa nini. Akasema anaishi peke yake wiki hiyo, mtu yeyote anajua, lakini mimi asubuhi ile nilisimama mlangoni kwake nikawaombea wawili walio ndani. Alisema hata yeye mwenyewe alikuwa bado anahesabu siku zake na kujidanganya. Jumatatu akaja maabara. Mimi ndiye niliyepima. Nilikaa nikiitazama ile mistari miwili ikijitokeza, na nikahisi kama vile kuna mtu amesimama nyuma yangu akiitazama pamoja nami, bila mshangao. Habari hiyo sasa anaitangaza mwenyewe hadi kwa wauza maji, kwa hiyo sidhani kama nimevunja siri ya kazi.

Baada ya hapo niliogopa kulala. Niliogopa pia kusali, nisikufiche. Nilijiuliza kama nimewasha kitu kisicho na mahali pa kuzimia. Nilikwenda kwa daktari wetu. Alinipima kwa makini, akanigonga magoti, akaniambia nimsukume kwa mkono huu na ule, akasema nguvu ziko sawa pande zote, shinikizo la damu ni la msichana. Akasema ni uchovu wa mtihani, watu hutembea usingizini, na akaniandikia vidonge vya kulala. Mfamasia alinipa vidonge hivyo bila kunitazama. Alisema tu kwamba dozi aliyoniandikia yeye hakusema niiache. Nikamjibu kwa ukali kwamba ile dozi ndiyo imenifikisha hapa. Hakubisha. Alisema wakati mwingine mtu anasukuma gari lililokwama, likianza kwenda anadhani amelisukuma peke yake, mpaka ageuke aone nani mwingine alikuwa ameliinamia. Nilitoka bila kuaga.

Nilimeza kidonge nikalala kama gogo. Kulipoanza kupambazuka nilizinduka, mwili mzito, ulimi mkavu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu midomo yangu ilikuwa imetulia. Korido ilikuwa kimya. Halafu nikasikia mkono ukiwekwa mlangoni kwangu. Haukugonga. Uliwekwa, na ubao ukalia kidogo kama ulivyokuwa ukilia nyumbani. Na sauti ya mwanamke, ya chini, ikaniita lile jina.

Sikuweza kuinuka. Kidonge kilinishikilia, nililia tu machozi yakaingia masikioni. Nilipofika mlangoni na kufungua hapakuwa na mtu. Kwenye mbao kulikuwa na kiganja cha buluu. Nilikigusa, kikaniachia unga kwenye vidole. Ilikuwa chaki ya kukatia nguo.

Niliingia kwa fundi bila hodi. Alikuwa kwenye cherehani yake, anashona huku amenipa mgongo, na masikio yamemwiva kwa haya kama mtoto aliyekutwa akila sukari. Alisema pamoja na kelele zake zote juu ya mchungaji wa korido, asubuhi ile alikaa kwenye kiti akisubiri mkono mlangoni, haukuja. Akashona mstari ukaenda kombo. Akafumua, akashona tena, ukaenda kombo. Akatoka kuchungulia, akamkuta mke wa dereva naye amesimama kwenye mlango wake na kanga begani, anasubiri, na wote wawili wakajifanya wametoka kwa mambo mengine. Basi akaona ujinga gani huu, akaufanya mwenyewe. Mlango kwa mlango. Hakujua la kusema, alisema yale aliyonisikia nikisema.

Nikamuuliza lile jina amelitoa wapi. Akasema si wewe mwenyewe unalitaja pale mwisho, kwenye chumba kitupu? Hapo ndipo unapokawia.

Kisha akazima cherehani, akanigeukia, na hakuwa anatania tena. Alisema kuna jambo alilificha kwa kuwa alidhani ninaumwa na hakutaka kunitia hofu. Siku ya kwanza kabisa niliugusa mlango wake kwa mkono wangu vizuri, kama mtu yeyote. Alfajiri iliyofuata ikawa sivyo. Kila mlango nainama naweka kikombe chini, kisha naushika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wa kulia, nauinua kama mtu anayeinua kitu kisicho chake, naubandika mlangoni, nasali, mkono unaanguka, naokota kikombe nakwenda. Maneno yangu yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo. Siku za karibuni hayaeleweki, isipokuwa kwenye mlango wa mwisho. Pale naweka kikombe dirishani na kusema wazi: Kitasa wangu, mimi nimechoka, shika wewe.

Dada, mimi ni mtu wa maabara. Mkono ulioanguka, mdomo uliokwenda upande, maneno yaliyopotea: hizo dalili nazijua, na nimeshapimwa, si zangu.

Nilikaa nikarudisha siku nyuma. Ile Jumatatu fundi aliponisimamisha, Jumapili yake nilikuwa nimepiga simu baada ya ibada, nikaongea na Mama mwenyewe, akalalamika kwamba mkono unamfa ganzi na mimi nikasema amelalia vibaya. Jumatatu jioni nilipiga tena. Hapo ndipo uliponiambia, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, kwamba Mama amelala.

Ameanguka kiharusi, sivyo? Mkono wa kushoto umekufa na ulimi umekwenda nao, na wewe umebeba peke yako, unamgeuza, unamlisha, unakwenda kusuka watu ukitabasamu, unanidanganya kwenye simu ili mdogo wako apande daraja. Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile, ila vibaya zaidi. Nakuomba kitu kimoja: usinidanganye tena.

Sijui niliite nini jambo hili. Fundi anasema ni wenge la usingizi. Mfamasia, nilipokwenda kumwomba radhi, alisema neema, akarudi kuhesabu vidonge. Mimi najua tu kwamba nilikuwa najisifu nimejenga mwendo, dozi kwa dozi, kwa mikono yangu, na kumbe niliingia kwenye kitu kilichokuwa kinakwenda tangu sijazaliwa, kikipita mlangoni kwangu kila alfajiri nami nimejifunika shuka nacheka. Kinanitisha bado. Vidonge nimevirudisha. Asubuhi hii niliamka mwenyewe, macho wazi, nikachemsha chai, nikaenda kugusa milango nikijua ninachofanya. Fundi alitoka akanifuata nyuma, amevaa kandambili, akinung'unika kwamba nachelewa. Tulipofika kwenye chumba kitupu nilinyamaza nikasikiliza. Hapakuwa na sauti. Nikasema, Mama, mimi nipo. Mkono wangu wa kushoto ukawa mzito ghafla, mzito kama vile mtu ameuegemea, kisha ukawa mwepesi.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitapanda basi la Ijumaa, Jumamosi nitakuwa hapo, na safari hii sitakuja kama mgeni wa kulishwa. Usije kituoni kunipokea, baki na Mama, au lala, wewe ndiye unayestahili kulala mchana.

Wasalimie wote wa saluni, na wanaouliza habari zangu waambie nipo. Msalimie Mama. Mshike ule mkono, hata kama hausikii, umwambie nimepokea. Na nitakapofika, hata ukisikia hatua zangu, usikimbilie kufungua. Niache kwanza niuguse mlango.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Kitasa